"Dakika moja tu" ndo inayotumaliza huku maofisini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, na ukiona barua imezidi urefu ipunguze tu, ila usiguse pale kwenye habari ya mzee wa Sikonge maana bila ile mi naonekana napiga domo.

Siku chache zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja aliyelalamika kwamba ukiingia ofisi za umma huku mikoani unamkuta katibu kainamisha kichwa, ukimsalimia anaitika bila kukuangalia, ukiulizia barua yako unaambiwa njoo kesho. Sasa mi ni katibu. Nipo kwenye ofisi moja hapa Tabora mjini, huu mwaka wa kumi na sita, nilisomea hapahapa Chuo cha Utumishi wa Umma, hatimkato na kuchapa, zamani tuliitwa makatibu mahsusi na sa hivi kwenye matangazo ya ajira tunaitwa waandishi waendesha ofisi, jina limerefuka, mshahara unaujua mwenyewe. Na barua ile niliisoma kwenye simu, saa za kazi, sikatai.

Kwa hiyo sijaja kubisha kwamba hatuchati. Tunachati. Mi mwenyewe ni mweka hazina wa kikoba na Ijumaa watu wakianza kutuma marejesho simu inalia utadhani gari la wagonjwa. Ila kuna kitu huyo ndugu akiwa pale kaunta hawezi kukiona, kwamba siku ya katibu hailiwi na simu peke yake wala hailiwi na wingi wa mafaili, inaliwa na "samahani dada, dakika moja tu".

Kuna kipindi nilikuwa narudi nyumbani nimechoka hoi na ukiniuliza leo umefanya nini sina jibu. Barua mbili. Siku nzima barua mbili! Mume wangu akasema labda presha, nikaenda kupima, presha haina neno. Basi Jumatatu moja nikachukua karatasi chakavu nikaibandika pembeni ya kompyuta, kila atakayenikatisha namchorea kijiti, awe mteja, awe bosi anaita, simu ya mezani, dereva anataka muhuri, mhasibu anaulizia stepla (stepla yake anayo, sijui huwa anaificha wapi), dada wa chai anauliza yenye maziwa au ya rangi wakati miaka yote nakunywa ya rangi. Saa tisa na nusu nafunga droo nahesabu, vijiti 58. Tunaingia 1:30 asubuhi tunatoka 9:30 alasiri, hizo saa nane, toa saa moja ya chai na chakula, piga hesabu mwenyewe, kila baada ya dakika saba kuna mtu kanigusa bega. Na hakuna hata mmoja aliyekuja kwa ubaya. Kila mmoja alikuwa na haki yake ya dakika moja.

Sasa mzee wa Sikonge. Hii ilitokea kabla sijachora vijiti, na inaniuma mpaka leo. Nilikuwa nachapa mwaliko wa kikao, wajumbe wanatoka wilayani, kikao tarehe 17 Februari. Nimefika kwenye neno tarehe, simu ya mezani ikalia, kuna wakaguzi wanataka jalada fulani sasa hivi, nikakimbia masjala, jalada halipo kwenye kabati liko kwa afisa, nikalifuata kwa afisa, njiani nikakutana na mama anaulizia malipo ya marehemu mumewe, huyo huwezi kumpita, nikasimama naye, narudi nakaa, nikaandika 7 nikaendelea na sentensi. Nilichapa vizuri kabisa, hakuna kosa la herufi hata moja. Bosi akasaini naye akiwa anaongea na simu, nakala zikaondoka.

Tarehe 5 mjumbe mmoja wa Urambo akapiga kuuliza kikao kimerudishwa nyuma, ndo nikagutuka. Nikawapigia wote mmoja mmoja, nikawapata wote isipokuwa mzee mmoja, mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku kutoka Sikonge, ndanindani huko, simu haipatikani asubuhi, haipatikani jioni. Tarehe 7 saa mbili asubuhi huyo hapo mlangoni. Kaunda suti imepigwa pasi, viatu vina vumbi jekundu, mkononi bahasha ya kaki na ndani barua yangu imekunjwa mara mbili. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, kikao kiko chumba gani? Nikampa kiti changu mimi, nikaagiza chai na chapati kwa hela yangu, halafu nikamwambia ukweli.

Hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Aliitoa barua akaisoma upya, kidole kinafuata mstari, akasema kaamka saa tisa usiku apate gari, na nyumbani kaacha bani la kukaushia tumbaku lina moto, kamwachia mjukuu alinde. Anayelima tumbaku anajua Februari ni mwezi gani, majani yako ndani ya bani usiku na mchana moto unalindwa, ukishuka katikati majani yanaharibika rangi na sokoni wanakushusha gredi. Alikuwa anaangalia saa ya ukutani ananiuliza gari la kurudi linatoka lini. Kisha akanisogezea barua na kalamu, "hebu niandikie mwenyewe hiyo tarehe hapa nikuone." Nikaandika 17, nikaandika na kwa maneno, kumi na saba, akanikodolea macho mpaka nimemaliza. Kikao chenyewe kilipofika alikuwa wa kwanza kuingia, akasimama mbele ya meza yangu akauliza kwa sauti watu wote wasikie, "mwanangu, leo ni leo kweli?" Ofisi nzima ikacheka, na mi nikacheka, ila sikuwa nacheka.

Aliyenitoa kwenye hilo shimo ni mama mmoja wa masjala, alishastaafu. Yeye alikuwa na penseli inakaa sikioni kama fundi seremala, na ukimfuata mezani anainamisha kichwa kwanza, anaandika kitu kidogo pembeni ya karatasi, ndo anakutazama. Miaka yote nilidhani ni dharau. Siku niliyomweleza habari ya mzee akanionyesha anachoandika: "nimeishia folio 14, inayofuata barua ya Nzega." Basi. Folio ndo namba ya karatasi ndani ya faili. Akaniambia kabla hujainua kichwa kumjibu mtu andika umeishia wapi na kinachofuata nini, maana ukishainua kichwa tu vimeshaondoka, na ukirudi utajidanganya unavikumbuka. Mi nimeandika 7 kwa sababu nilijidanganya nakumbuka.

Binti wa dada yangu anasoma hapo chuoni, nilipomsimulia akacheka akasema anti hiyo tumefundishwa, kuna mtafiti anaitwa Sophie Leroy alitoa utafiti mwaka 2009 kwamba mtu akiihama kazi kabla haijaisha kipande cha akili kinabaki kulekule kwenye ile ya kwanza, anaifanya ya pili akiwa nusu, halafu 2018 yeye na mwenzake Theresa Glomb wakaonyesha kwamba ukichukua muda mfupi tu kuandika umefikia wapi na ukirudi utaanzia wapi, akili inaachia, unamsikiliza aliyekukatisha ukiwa mzima. Mama wa masjala hao wote hawajui. Ila penseli anayo.

Kwa hiyo ndugu msomaji uliyelalamika, zile sekunde tano ninazoitika bila kukuangalia mara nyingi ni hizo za kuandika nimeishia wapi. Si zote, nimeshakubali habari ya kikoba. Lakini nimeona kosa letu ni kwamba tunafanya kimyakimya kwa hiyo mtu anatafsiri anavyotaka, siku hizi nasema kwa sauti "karibu baba, namalizia neno moja nakuja kwako" mkono unaandika, na watu hawanuni.

Huyo binti alinifundisha na ile ya nyanya. Kuna Muitaliano, Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi miaka ya 1980 mwishoni alichukua saa ya jikoni yenye umbo la nyanya akawa anaitegesha, dakika 25 kazi bila kugeuka, dakika tano anapumzika, anarudia. Nikajaribu. Nimetegesha simu dakika 25, dakika ya nne bosi akaita, nikategesha tena, dakika ya tisa umeme ukakatika. Nadhani yule Muitaliano hakuwa na bosi, wala hakuwa na kaunta. Kujifungia ni kwa mtu ambaye mlango ni wake, mlango wangu mi ni wa wananchi na sina ruhusa ya kuwafungia, hata mkataba wa huduma kwa mteja uko ukutani unanitazama.

Kilichofanya kazi ni zamu. Nilikaa na kijana wa kumbukumbu tukakubaliana, kuanzia saa moja na nusu mpaka saa tatu yeye anakaa kaunta, anapokea watu na simu zote, mi nakaa nimeipa kaunta mgongo nachapa zile barua zenye tarehe na hela na majina, yaani zile ukikosea mtu anapanda gari bure. Saa tatu tunabadilishana, yeye anaingia kwenye mafaili yake mi nabaki na watu. Hakuna mteja anayekosa mtu wa kumsikiliza, na kila mmoja wetu anapata saa moja na nusu yake. Ilinichukua wiki nzima kupata ujasiri wa kumwambia bosi, nikidhani ataona ni uvivu, akasema tu "mbona hamkuanza siku zote?" Tukaongeza na saini, badala ya kuingia kwake kila barua ikiiva, naingia na folda mara mbili, saa tatu na nusu na saa nane, na yeye sasa anasoma kabla hajasaini maana anajua nikitoka hapo sirudi.

Huyo ni bosi wa sasa. Wa zamani alikuwa Mzaramo, mtani wangu, na kila faili likitoka kwake lina HARAKA ya wino mwekundu. Kila faili jamani, hata la kuomba fagio. Siku moja nikabeba manne yote yenye haraka nikayapanga mezani kwake, nikamwambia mzee naomba uniambie lianze lipi. Akaniambia nyie Wanyamwezi si ndo mlikuwa mnabeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka Bagamoyo kwa miguu, leo mafaili manne yanakushinda? Nikamwambia mtani, mpagazi alikuwa anatwishwa mzigo mmoja, hakuna msafara uliomtwisha mtu minne kichwa hichohicho. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu akayapanga mwenyewe, la kwanza, la pili, na mawili akasema haya hata Alhamisi. Toka siku hiyo nikajua haraka nyingi za wakubwa hazijapimwa, zimeandikwa tu, na ukimrudishia mwenye nazo azipange mwenyewe kwa adabu anapanga, wala hanuni.

Kuna ushauri nausikia kwenye semina sikubaliani nao, eti mteja akija muulize shida yake moja kwa moja kuokoa muda. Huyo mshauri hajawahi kukaa Tabora. Mtu kanifuata kutoka Uyui, kaniambia mwangaluka, mi nimuulize "sema shida yako"? Salamu sikati. Nyumbani wameamkaje, mvua huko imenyesha, mgonjwa anaendeleaje, ndo tunaingia kwenye barua. Na nikwambie ukweli, aliyesalimiwa vizuri anaeleza shida yake mara moja ikaeleweka, asiyesalimiwa anaanza na malalamiko na unapoteza robo saa kumtuliza. Ninachofanya ni kusimama. Nasalimia nimesimama, mzee nampa kiti, kijana tunasimama wote, na kazi ikiisha naye anaondoka, maana tukikaa wote wawili hapo tutafika mpaka kwenye bei ya asali.

Vikao sitaki kusema sana, nitafukuzwa. Ila Tabora hiihii ndo TANU walikaa Januari 1958, wakabishana siku chache wakatoka na msimamo kuhusu kura tatu, yaani kila mpiga kura kumchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, ule unaoitwa Uamuzi wa Busara, na lilikuwa jambo la nchi nzima. Sisi kikao cha kapeti tumekaa mara tatu na kapeti bado.

Nirudi kwenye simu. Magrupu ya kazi yapo manne na usiku saa nne meseji inaingia "naomba ile barua iwe mezani asubuhi", unalala nayo kichwani, unaamka saa nane usiku unawaza barua ambayo ina mistari sita. Mi siku hizi nina kaunta buku moja, moja tu, si vikaratasi, meseji ikiingia naiandika humo na tarehe kisha nalala, haijawahi kutokea barua ikachapika usiku kwa kuwazwa. Na kila nilichoandika nakiwekea BU kama tunavyoweka kwenye mafaili, yaani tarehe ambayo kitarudi mezani chenyewe, kabla ya hapo sikigusi wala sikiwazi. Mafaili yetu yana hiyo BU tangu sijazaliwa na sikuwahi kufikiri kuitumia kwenye maisha yangu, sasa hivi karo ya mtoto ina BU, kumpigia mama simu kuna BU. Simu yenyewe ile saa moja na nusu ya asubuhi inakaa kwenye droo ya mihuri, chini kabisa, na wanakikoba wameshaambiwa.

Umeme ukikatika au mtandao ukisumbua, kaunta buku ina ukurasa wa nyuma wa kazi za mkono, kupanga nakala, kuandika bahasha, kuhakiki rejista, kwa hiyo hatukai kupiga soga tukisubiri taa, au tunapiga soga huku mikono inapanga. Juni ndo sina dawa. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30, kila idara inakumbuka ina hela, zamu inavunjika, vijiti nadhani vinapita mia, sijathubutu kuchora. Na kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, tunakojaza majukumu siku hizi badala ya zile fomu za OPRAS, sijaona mahali pa kuandika nimekatishwa mara ngapi. Unajaza barua ulizochapa basi, na atakayesoma ataona barua chache ataamua ulikuwa unachati.

Sasa ombi langu kwa yule ndugu na wengine, na hili ni dogo. Mnapokuja kuulizia barua msije na "niliandika mwezi wa tatu hivi". Kwa maneno hayo naacha ninachofanya, naita kijana wa kumbukumbu, tunafungua rejista ya Machi ukurasa kwa ukurasa, na Aprili maana "hivi" inaweza kuwa Aprili, nusu saa imekwenda na nyuma yako foleni imeota. Wewe ndo unaambiwa njoo kesho, na aliye nyuma yako pia. Lakini kama uliwahi kupata jibu letu lolote, hata la kusema barua yako imepokelewa, lile lina namba. Iko juu kabisa, pameandikwa "Unapojibu tafadhali taja", halafu Kumb. Na. na tarakimu zake. Iandike hata kiganjani uje nayo. Ukinitajia hiyo sitakwambia njoo kesho, faili linatoka kabatini kabla hujamaliza kuniambia nyumbani wameamkaje.

Wako katika kazi,
Katibu,
Isevya, Tabora